Figo haisubiri kikao: Bosnia, mkataba wa Dayton na benchi la dayalisisi hapa Dodoma

Mwana Ilazo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Dada yangu mkubwa yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, huu ni mwaka wa pili: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila mara kwa muda wa saa nne. Mimi ndiye dereva, mbeba chupa ya chai na mshika pochi. Saa nne za benchi ni ndefu, na maongezi ya benchi huzunguka palepale: bima, bei ya mafuta, nani kaitwa kwenye vipimo vya kupandikizwa. Siku moja mzee mmoja wa Mpwapwa akauliza, "Hivi hawa vijana wanaokufa kwa bodaboda, figo zao nzima kabisa, zinakwenda wapi?" Nikacheka. Kutazama pembeni, nimecheka peke yangu.

Hapa kwetu, asiyejua ajue, figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Muhimbili walianza Novemba 2017 na madaktari kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ikafuata Machi 2018 na Wajapani wa Tokushukai, kundi la hospitali za kwao. Kabla ya hapo safari ilikuwa India, kwa mwenye uwezo au mwenye bahati. Nikataka kujua nchi nyingine zinafanyaje hadi figo ya marehemu imfikie mtu asiyemjua. Nikasoma ya Hispania, nikasoma ya Kroatia, kisha nikakwama kwa jirani yake Kroatia. Bosnia. Wiki tatu sasa sijatoka.

Bosnia na Herzegovina ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Vita ilianza Aprili 1992 ikaisha mwishoni mwa 1995, na mji mkuu Sarajevo ulizingirwa karibu miaka minne. Mkataba wa kuimaliza ulijadiliwa kwenye kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Dayton, Ohio, Novemba 1995, ukasainiwa Paris tarehe 14 Desemba. Katiba ya nchi hadi leo ni kiambatisho cha mkataba huo, namba 4. Yaani walioandika katiba walikuwa wanatafuta namna ya kuwafanya watu wenye bunduki waziweke chini, na kwa hilo walifaulu. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nawabeza.

Namna waliyoipata ilikuwa kugawa. Nchi ina sehemu mbili kubwa: Shirikisho la Wabosniaki na Wakroati, na Republika Srpska ya Waserbia. Shirikisho nalo limegawanyika kantoni 10. Halafu kuna wilaya ya Brčko, waliyoshindwa kukubaliana ni ya nani, ikawa inajitegemea. Urais ni wa watu 3, mmoja kila kabila, wanapokezana uenyekiti kila miezi 8.

Sasa afya. Katiba haikuipa serikali kuu. Ikabaki kwa zile sehemu mbili, na kwenye Shirikisho ikagawanywa tena na kantoni. Hesabu nami: kantoni 10, Shirikisho lenyewe 1, Republika Srpska 1, Brčko 1. Mamlaka 13 za afya. Mifuko ya bima nayo kwa hesabu hiyohiyo, 13. Waziri wa afya wa taifa hayupo. Kuna wizara ya mambo ya kiraia inayoratibu, na neno kuratibu sote tunaojua vikao tunalielewa.

Nchi yote hiyo sensa ya 2013 iliikuta na watu kama milioni 3 na nusu. Mkoa wetu wa Dodoma, sensa ya 2022, umezidi milioni 3. Tuna halmashauri 8. Tuipe kila moja waziri wa afya na mfuko wake wa bima, Kongwa na wake, Chemba na wake, Kondoa wawili maana kuna mji na wilaya, na bado itabidi tuazime 5 kutoka Singida ndio tuwafikie.

Nauliza nilichouliza benchini: mtu amefariki kwa ubongo hospitali ya upande mmoja, figo zake zinamfaa mgonjwa wa upande wa pili, nani anapiga simu kwa nani?

Naendelea, dada kaitwa kitini.

---

Kibaigwa Mahindi

Mkuu pole na mgonjwa. Ila sioni Bosnia inatuhusu nini. Sisi hatukupigana wenyewe kwa wenyewe. Yao yanatokana na kuchinjana, yetu yanatokana na pesa hakuna. Tusichanganye.

---

Sista Zamu ya Usiku

Pole kaka Ilazo, mpe dada salamu.

Nipo kwenye chumba cha mahututi miaka mingi kidogo, acha nieleze kwa nini simu ndiyo kila kitu, maana wengi wanadhani kazi ngumu ni kisu.

Mtu aliyekufa nyumbani au barabarani kwa kawaida hawezi kutoa figo ya kupandikiza. Njia kuu ni awe amekufa ubongo huku mashine inampulizia hewa na moyo bado unadunda. Hao ni wachache mno kati ya wote wanaokufa. Ili umpate uwe na kitanda cha mahututi, daktari asiyehusika na upandikizaji wa kuthibitisha kifo hicho, na sheria inayokiita kifo. Hapo ndipo unakwenda kwa ndugu, usiku, wakiwa bado wanamwona mtu wao kifua kinapanda na kushuka. Unawaambia amekufa, kisha unawaomba. Mimi sijawahi kulifanya hilo na sijui ningeanzaje.

Wakikubali, saa inaanza kuhesabu. Moyo ukishatolewa una kama saa nne. Ini zaidi kidogo. Figo ndiyo mvumilivu, ikikaa kwenye barafu na maji yake inafika saa 24 na zaidi, lakini kila saa inayopita inaifanya ichelewe kuamka. Ndani ya muda huo upime kundi la damu, tishu, ulinganishe na orodha ya wanaosubiri, umpigie mgonjwa aje hajala, chumba cha upasuaji kiwe tupu.

Orodha ikiwa ndogo, hupati anayelingana. Mgonjwa mwenye kingamwili nyingi, zile kinga zinazokataa kiungo cha mtu mwingine, tuseme mama aliyezaa mara kadhaa na kuongezewa damu, anaweza kuhitaji kutafutiwa kwenye watu maelfu. Ndiyo maana nchi 8 za Ulaya zina orodha moja, Eurotransplant, makao yake Leiden kule Uholanzi, tangu 1967. Wajerumani na ukubwa wao wote wamo, wanabadilishana na Wasloveni.

Kwa hiyo mtu akikata nchi ya milioni 3 na nusu vipande viwili, mimi nurse naona vibarua wawili wanaovua samaki kwenye ndoo.

---

Mwana Ilazo

Asante sana dada. Hilo la ndoo nimewasomea benchini.

Kila upande kule una sheria yake ya upandikizaji, ya Shirikisho mbali, ya Republika Srpska mbali. Si kwamba madaktari hawajui. Mji wa Tuzla walikuwa wanapandikiza figo kutoka kwa ndugu walio hai 1999, vita ina miaka minne tu tangu iishe. Figo ya ndugu haihitaji serikali kuu: mtoaji na mpokeaji wanalala vyumba jirani, bima moja, hospitali moja. Ndiyo ile aina tuliyonayo sisi.

Angalieni jirani. Kroatia ilitoka Yugoslavia hiyohiyo, ikapigana vita yake, ikatoka na serikali moja na wizara moja. Ikaweka mratibu wa taifa, ikaweka mratibu kila hospitali yenye chumba cha mahututi, ikaingia Eurotransplant 2007. Miaka michache baadaye walikuwa wanapata wachangiaji marehemu zaidi ya 30 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, wakawa kati ya wa juu kabisa duniani. Bosnia iko ng'ambo ya mto Sava, lugha wanaelewana bila mkalimani, na iko nje ya Eurotransplant.

Kuna kitu kimoja cha afya walichofanikiwa kukifanya cha taifa zima, wakala wa dawa. Sheria ya 2008. Makao makuu yakapelekwa Banja Luka kwa Waserbia, maabara ya kupima dawa ikabaki Sarajevo, ofisi ya kufuatilia madhara ya dawa ikaenda Mostar. Mtu asiniambie hapo hakuna aliyekuwa anahesabu kabila kwa vidole.

---

Mwalimu wa Bahi

Mwanzisha uzi, marekebisho madogo ya mwalimu wa historia. Kantoni hazikuzaliwa Dayton. Zilitoka mkataba wa Washington wa Machi 1994, uliowapatanisha Wabosniaki na Wakroati waliokuwa nao wamegeukiana. Dayton ikazikuta, ikazifunika na paa. Ndiyo maana nyumba ina kuta ndani ya kuta.

Na Mostar uliyoitaja, hapo ndipo mfano unapotisha: mji mmoja, mto katikati, hospitali mbili.

---

Mwana Ilazo

Shikamoo mwalimu, nimepokea.

---

Zabibu Kavu

Mimi nasubiri mfike kwenye pesa. Lakini endeleeni.

---

Mwana Ilazo

Kaka Kibaigwa ameuliza inatuhusu nini. Nina jibu, ila linaanzia kwa mtoto mchanga wa Sarajevo.

Kule kila raia ana namba ya tarakimu 13, desturi ya tangu Yugoslavia. Mahakama ya Katiba ilitengua kifungu cha sheria ya namba hizo, ikalipa bunge muda wa kurekebisha. Bunge likashindwa, maana Waserbia walitaka namba ionyeshe mtu kazaliwa upande upi na wengine hawakutaka. Februari 2013 sheria ikakoma. Kuanzia hapo mtoto aliyezaliwa hakuwa na namba. Bila namba hakuna pasipoti.

Mwezi Juni kukawa na binti wa miezi mitatu aliyehitaji kupandikizwa uboho Ujerumani. Hawezi kuvuka mpaka, kwa sababu kisheria hayupo. Wazazi wenye watoto wachanga wakaenda mbele ya bunge na magari ya kusukuma watoto, watu wakaungana nao, wakalizunguka jengo wakishikana mikono, wabunge na wageni wao wakakwama ndani hadi usiku. Zikatolewa namba za muda. Sheria yenyewe ikapatikana mwishoni mwa mwaka.

Hapo niliweka simu chini. Mwaka jana dada yangu alikosa kukaa kitini Jumatano moja. Ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, iliona jina kwenye kitambulisho lina herufi moja zaidi ya jina kwenye kadi ya bima. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu tu, akasema mfumo unakataa. Nikamwonyesha mgonjwa mwenyewe, kakaa pale kwenye gari, miguu imevimba. Akasema anamwona, ila mfumo haumwoni. Tukarudi Ijumaa na kiapo cha mahakama. Siku mbili hizo dada hakunywa maji zaidi ya kulowesha ulimi, kwa woga wa maji kujaa mapafuni, na mimi nililala sebuleni nikisikiliza anavyopumua.

Hatukupigana vita, kaka. Herufi moja tu.

---

Kibaigwa Mahindi

Hapo umenigusa. Mama yangu ana majina matatu kwenye karatasi tatu. Nimenyamaza, naendelea kusoma.

---

Mpemba Msafiri

Assalaam aleikum. Nimeona watu wa bara mnaijadili Bosnia kama iko mwezini. Fungueni katiba ya Jamhuri ya Muungano mtazame orodha ya mambo ya Muungano. Ulinzi umo, uraia umo, elimu ya juu imo, hata utabiri wa hali ya hewa umo. Afya haimo. Sisi tuna Wizara yetu ya Afya na mfuko wetu wa huduma za afya, nyinyi mna yenu. Muungano wa Aprili 1964 ulikuja miezi mitatu baada ya Mapinduzi, kwa haraka, na waliokaa mezani walikuwa na mambo mazito kuliko figo.

Silalamiki. Nasema siku mtakapotunga mambo ya figo za marehemu, mtu akifia Muhimbili na figo inamfaa mtu wa Wete, hiyo ni sheria ya nani? Mkiliacha hadi usiku wenyewe mtakuwa mmechelewa.

---

Sista Zamu ya Usiku

Wa aleikum salaam kaka. Swali zuri kuliko yote humu na sina jibu.

Naongeza dogo la huku bara. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya TAMISEMI. Hospitali ya rufaa ya mkoa na kuendelea juu ni Wizara ya Afya. Mgonjwa wa figo anaanza kuumwa upande mmoja na anatibiwa upande wa pili. Mara nyingi anatufikia creatinine, yaani taka ya damu inayoonyesha figo zimechoka, imeshapaa, kwa sababu presha yake ilipimwa zahanati miaka sita na hakuna aliyempima mkojo. Hili sijui kama ni muundo au ni strips za kupimia mkojo zilikwisha. Pengine yote.

---

Bwana Takwimu

Ngojeni. Mwanzisha uzi anajenga hoja kwamba kugawa madaraka kunaua upandikizaji. Nitaivunja kwa neno moja: Hispania.

Hispania ina mikoa 17 yenye serikali zake, mabunge yake, na afya iko mikononi mwa mikoa hiyo. Nayo ni nchi iliyotoka vita ya wenyewe kwa wenyewe, ikakaa chini ya dikteta Franco karibu miaka 40, katiba mpya 1978. Catalonia na serikali ya Madrid hawapatani hata kwenye hali ya hewa. Lakini kwenye uchangiaji wa viungo Hispania inaongoza dunia tangu miaka ya 90. Kwa hiyo tatizo la Bosnia si vipande 13. Rekebisha hoja.

---

Mwana Ilazo

Bwana Takwimu, nimekaa na hili siku mbili na nakubali nusu yake.

Hispania waliunda chombo kimoja cha taifa 1989, kinaitwa ONT, chini ya daktari Rafael Matesanz. Hakina hospitali wala hakimiliki mgonjwa. Kina ofisi yenye simu inayopokelewa saa 24, na chini yake kuna mratibu kila mkoa na mratibu kila hospitali, ambaye mara nyingi ni daktari wa chumba cha mahututi mwenyewe, si karani aliyetumwa na wizara. Hospitali inarudishiwa gharama. Mikoa 17 inagombana kuhusu lugha na kodi, lakini simu ya ONT ikilia wanapokea.

Kwa hiyo narekebisha. Vipande si ugonjwa. Tofauti niionayo ni kwamba Hispania iligawa madaraka huku nchi ikibaki na haki ya kusema hili tunalifanya pamoja, na mikoa ikaona faida. Bosnia iligawa kwa sababu kila upande uliogopa kutawaliwa na mwingine. Kwenye woga huo, kila kitu cha pamoja kinasomeka kama hatua ya kwanza ya kumezwa. Hata rejista ya wagonjwa wa figo. Wakiijenga ya taifa, mwanasiasa mmoja atauliza seva itakaa mji gani, na swali lake halitakuwa la kijinga kwa jinsi walivyoishi.

Bado nadhani ukubwa una maana. Hispania ina watu zaidi ya milioni 45. Hata mkoa wake mmoja kama Andalusia unaishinda Bosnia nzima kwa watu. Kipande cha mkate mkubwa bado ni mkate.

---

Mwalimu wa Bahi

Nilete ya karibu. Warundi walijadiliana hapa hapa Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akamalizia, mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Nao waligawana, hadi kufikia katiba ya 2005: serikali na bunge la taifa Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, jeshi nusu kwa nusu. Lakini tazameni walichogawana. Warundi waligawana viti. Wabosnia waligawana ardhi. Wizara ya afya ya Burundi ilibaki moja, waziri awe wa kabila lolote. Ndiyo maana Mei 2006 rais aliposimama na kutangaza matibabu bure kwa watoto chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua, amri ilienda nchi nzima siku moja. Hospitali zilifurika hadi wauguzi wakalia, maandalizi hayakuwepo. Lakini ilifika.

Rwanda ni ya tatu. Pale baada ya 1994 hakukugawanywa kitu, upande mmoja ulishinda. Serikali moja yenye mkono mzito ikaanzisha bima ya kijamii, majaribio 1999, ikasambaa hadi kijijini. Upandikizaji wa figo Kigali wakaanza 2023 pale hospitali ya King Faisal. Mkono huohuo mzito una mambo mengine ambayo si ya uzi huu.

Sisemi Burundi wametuzidi kwenye figo. Nasema namna vita inavyoisha huwa inaamua daktari atampigia nani simu miaka ishirini baadaye.

---

Zabibu Kavu

Mwalimu umepiga kwenye mshono. Viti na ardhi.

Sasa swali la mtaani: si ndiyo maana watu wananunua? Serikali ikishindwa, soko linafungua duka. Nasikia kuna watu wanaulizia bei.

---

Sista Zamu ya Usiku

Zabibu, ukimsikia mtu anaulizia bei mkatie simu. Na mjue Balkani, ukanda huohuo wa Bosnia, wameyaona hayo. Kosovo baada ya vita ya 1999 ilikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, ikajitangazia uhuru Februari 2008, polisi wachanga, mahakama za kuazima. Novemba mwaka huohuo kijana Mturuki alionekana anayumba uwanja wa ndege wa Pristina, kovu bado bichi. Polisi wakafuata hadi kliniki iitwayo Medicus. Maskini walikuwa wakiletwa kutoka nchi za mbali kwa ahadi ya maelfu ya euro, figo zinakwenda kwa matajiri. Hukumu ya kwanza ilitoka 2013, mbele ya jopo lililoongozwa na majaji wa Umoja wa Ulaya, kwa sababu mahakama za nyumbani zilikuwa bado hazijasimama.

Mtoaji wa hivyo akishaondoka kliniki hakuna anayempima tena presha. Ndugu aliyemtolea ndugu yake hapa kwetu anarudi kliniki miaka yote, tunamjua kwa jina na kwa watoto.

---

Bwana Takwimu

Nimekubali marekebisho ya mwanzisha uzi, na la mwalimu nimelichukua. Swali la mwisho kwangu: kwa nini Wajapani ndio waliokuja Dodoma? Si wakubwa wa figo za marehemu hawa.

---

Mwana Ilazo

Nadhani ndiyo maana hasa walifaa. Japani 1968, mji wa Sapporo, daktari Wada alipandikiza moyo wa kwanza wa nchi hiyo. Mpokeaji akafa baada ya miezi, watu wakaanza kuuliza kama mtoaji alikuwa amekufa kweli, daktari akachunguzwa kwa mauaji, kesi haikufika mahakamani. Imani ikavunjika. Sheria ya kifo cha ubongo haikupita hadi 1997, na moyo mwingine haukupandikizwa nchini humo hadi Februari 1999. Miaka 30. Katikati ya hapo Wajapani wakawa mafundi wa figo na ini za ndugu walio hai, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Hospitali yetu haina figo za marehemu. Tumefundishwa na watu waliozoea kufanya kazi bila hizo.

Nilimsimulia yule mzee wa Mpwapwa hili la Sapporo. Akasema, "Kumbe hata kule ndugu waligoma." Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya, kisha akasema yeye ana watoto saba na hataki kumwomba hata mmoja. "Nikimwomba mmoja, sita watajua sikuwaomba."

Mimi dada hakuniomba. Nilijipeleka. Kundi la damu limekubali, tishu zinasubiriwa. Mke wangu ameuliza maswali yote ambayo mke anapaswa kuuliza na mengine mawili ambayo sitayaandika humu.

---

Mpemba Msafiri

Mola akufanyie wepesi ndugu yangu. Na lile swali langu la Wete mlikumbuke.

---

Kondoa Irangi

Samahani wakuu, naona mmetoka mbali. Mimi sijui ya Bosnia. Baba yangu ameandikiwa kuanza kusafishwa damu Jumatatu hapo mjini na tunatokea Kondoa. Basi la kwanza linatufikisha saa ngapi kwa kuwahi kiti cha asubuhi? Na tubebe nini?

---

Mwana Ilazo

Ndugu wa Kondoa, kwa kiti cha asubuhi msitegemee basi. Njooni Jumapili mlale. Kama hamna ndugu mjini niandikie ndani, chumba cha wageni kipo Ilazo, tutatoka pamoja saa kumi na moja na nusu. Mbebe blanketi, mashine inaleta baridi hata jua la Dodoma likiwa utosini. Shati la mikono mifupi ndani. Kitambulisho na kadi ya bima, na leo hii, kabla hujalala, viweke mezani pamoja ulinganishe majina herufi kwa herufi.